Umefuta faili lakini diski bado imejaa: ulinganisho wa njia za kurudisha nafasi

Ukifuta faili ya GB 4 na bado mstari wa diski C ni mwekundu, kuna kitu kinachoishikilia nafasi hiyo. Kinaweza kuwa Recycle Bin, nakala kivuli za mfumo, programu iliyofungua faili na haijaifunga, au diski pepe, yaani faili inayojifanya diski, ambayo hukua lakini haijui kunywea. Kila mshikaji ana dawa yake, na dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha programu tatu za kusafisha kompyuta, akaambulia MB 300, ilhali GB 25 zimekaa mahali ambapo hakuna hata moja kati ya hizo programu inayofika.

Ulinganisho huu umeegemea Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo zilizo kwenye kompyuta nyingi za ofisini, shuleni na nyumbani. Seva za Linux, mashine pepe na Mac zina nafasi yake kuelekea mwisho.

Kupima: WizTree au WinDirStat

Usifute chochote kabla ya kupima. Fungua This PC, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya diski C, chagua Properties, kisha andika namba ya Used space. Hiyo ndiyo namba utakayorudi kuiangalia baada ya kila hatua.

Programu mbili za kupima zinatosha kabisa, na zote ni ndogo, kwa hiyo hazitakula bando. WizTree husoma moja kwa moja jedwali kuu la faili la NTFS (mfumo ambao Windows hutumia kupanga faili kwenye diski), kwa hiyo diski yenye faili laki kadhaa humalizika kupimwa kwa sekunde chache. Lazima uifungue kwa Run as administrator. Bila hivyo hulazimika kupita folda moja baada ya nyingine na kasi yake hupotea. Ni bure kwa matumizi binafsi, lakini kampuni inatakiwa kununua leseni. WinDirStat ni programu huria, bure kwa kila mtu ikiwemo ofisi. Ni ya polepole zaidi, hasa kwenye diski ya kuzunguka, na mara nyingi folda za mfumo ambazo haina ruhusa nazo huzionyesha kama hazina kitu.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Nafasi iliyojificha hukaa sana ndani ya folda iitwayo System Volume Information. WizTree, ikiwa imefunguliwa kama msimamizi, itakuonyesha ukubwa wake. Kwa WinDirStat itabidi ugundue mwenyewe kwamba jumla ya folda zote ni pungufu kuliko Used space. Kwa kompyuta ya nyumbani chukua WizTree. Kwa ofisi isiyotaka mambo ya leseni, WinDirStat inafaa. Kumbuka tu kulinganisha jumla.

Kabla hujashtuka kwamba SSD yako ya GB 256 ina GB 238 tu: hakuna kilichopotea. Mtengenezaji huhesabu GB kwa bilioni moja ya baiti, Windows huhesabu kwa 1,073,741,824.

Delete, Shift+Delete, au kuiwekea Recycle Bin kikomo

Faili iliyoingia Recycle Bin haijahama diski. Imepewa jina jipya na kuwekwa kwenye folda iliyofichwa, $Recycle.Bin, katika diski ileile. Faili uliyoifuta kutoka D imo kwenye $Recycle.Bin ya D, kwa hiyo kumwaga pipa hakutaongeza nafasi ya C hata kidogo ikiwa ulichofuta kilikuwa D.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kila mtumiaji ana pipa lake. Kompyuta ya familia au ya ofisi yenye akaunti nne ina mapipa manne kwenye kila diski, na ukimwaga la kwako, matatu yanabaki. Inabidi kila mmoja aingie kwenye akaunti yake na kumwaga la kwake. Msimamizi anaweza kuyafuta yote kwa mpigo kupitia Command Prompt:

`rd /s /q C:\$Recycle.Bin`

Windows itaiunda folda hiyo upya yenyewe. Amri hii haiulizi mara mbili, na itafuta vitu vya wenzako ambao huenda walikusudia kuvirudisha, kwa hiyo waulize kwanza.

Shift+Delete huliruka pipa na kurudisha nafasi papo hapo. Ni nzuri kwa filamu na faili za usakinishaji ambazo una uhakika nazo. Kuifanya mazoea ni hatari, kwa sababu kidole kinazoea kabla ya akili. Njia ninayoipendelea kuliko zote mbili ni kuliwekea pipa kikomo: bonyeza kulia Recycle Bin, Properties, chagua diski, kisha Custom size. Kwenye diski ya GB 256, andika 5120, yaani GB 5. Pipa likijaa, faili za zamani zaidi hutolewa zenyewe. Faili kubwa kuliko kikomo Windows itakuuliza kama uifute moja kwa moja. Soma swali hilo kabla ya kubonyeza Yes.

Aina ya diski nayo ibadilishe tahadhari yako. Kwenye diski ya kuzunguka, faili iliyofutwa kabisa huweza kuokolewa kwa programu maalumu mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Kwenye SSD, Windows hutuma amri ya TRIM inayoiambia SSD kwamba sehemu hizo hazina kazi tena, na SSD huzisafisha yenyewe. Baada ya hapo uokoaji ni bahati nasibu. Kuangalia kama TRIM imewashwa andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu la 0 maana yake imewashwa, na ndivyo inavyotakiwa. TRIM haiongezi namba ya nafasi unayoiona. Kazi yake ni kuiwezesha SSD isichoke kuandika. Kwa hiyo usitegemee kwamba kubonyeza Optimize kutakupa hata MB moja.

Flashi ina kanuni zake. Windows ikifuta kitu kwenye flashi, kwa kawaida hakiendi kwenye pipa, kinafutika. Lakini Mac ikifuta kitu kwenye flashi hiyohiyo, hukihamishia kwenye folda ya .Trashes ndani ya flashi yenyewe, na Linux hukihamishia kwenye folda kama .Trash-1000. Ukiirudisha flashi kwenye Windows unakuta haina kitu na bado imejaa. Fungua View, washa Hidden items, futa folda hizo, nafasi itarudi.

Ukikuta flashi imejaa vifupisho vya mkato (shortcut) badala ya folda zako, hiyo ni habari nyingine: virusi vimezificha folda halisi. Usiifomati. Hapa faili zako bado zipo, na nafasi iliyotumika ndiyo ushahidi. Ikague kwa antivirasi, kisha, ikiwa flashi ni E, andika `attrib -h -s -r /s /d E:\*.*` na folda zitaonekana tena.

Storage Sense, Disk Cleanup, au amri ya DISM

Hizi tatu zote zimo ndani ya Windows, hazihitaji kupakua kitu, na watu huzichanganya kana kwamba zinafanya kazi moja.

| Njia | Inachogusa | Unachopoteza | Wakati wa kuichagua |
|---|---|---|---|
| Storage Sense | Faili za muda, pipa, na Downloads ukiiruhusu | Kidogo, ukiweka mipangilio vizuri | Usafi wa kila mwezi usiotaka kuukumbuka |
| Disk Cleanup, upande wa mfumo | Windows ya zamani, mabaki ya masasisho | Uwezo wa kurudi toleo lililopita | Baada ya sasisho kubwa |
| DISM StartComponentCleanup | Vipande vya zamani ndani ya WinSxS | Matoleo ya awali ya vipande vilivyosasishwa | WinSxS ikipendekezwa kusafishwa |
| DISM hiyohiyo ikiongezwa /ResetBase | Hivyo hivyo, kwa kina zaidi | Uwezo wa kuondoa masasisho yaliyokwisha kuwekwa | Diski ndogo sana tu |

Storage Sense ilikuja na Windows 10 mwaka 2017. Iko Settings, System, Storage. Ikiachwa ilivyo hufanya kazi nafasi inapokuwa finyu, na hufuta vitu vilivyokaa kwenye pipa zaidi ya siku 30. Ina mipaka miwili ya kuijua. Kwanza, inashughulikia diski ya mfumo tu, kwa kawaida C, hivyo D iliyojaa haiioni. Pili, ina chaguo la kufuta faili za Downloads ambazo hazijafunguliwa kwa siku 1, 14, 30 au 60. Iache kwenye Never. Watu wengi huweka kwenye Downloads vyeti, risiti na fomu walizopakua mara moja wakazisahau hadi siku ya kuzihitaji.

Disk Cleanup ni ya zamani zaidi. Microsoft ilitangaza mwaka 2018 kwamba haitaiendeleza tena, lakini bado inafanya kazi hata kwenye Windows 11. Bonyeza Win+R, andika `cleanmgr`, chagua diski. Dirisha la kwanza huonyesha vitu vidogo, na wengi huishia hapo wakisema haina maana. Bonyeza Clean up system files. Ndipo zinapotokea Windows Update Cleanup na Previous Windows installation(s), ambazo ndizo kubwa. Windows ya zamani, folda ya Windows.old, mara nyingi huzidi GB 10. Windows huifuta yenyewe siku 10 baada ya kupanda toleo, kwa hiyo kama toleo jipya linakusumbua, Wi-Fi inakatika au printa haionekani, usiifute kabla hujaamua kama unarudi nyuma. Orodha hiyo isome mstari kwa mstari: matoleo kadhaa ya Windows 10 kuanzia 1809 yaliweka Downloads ndani yake, na ukurasa wa Temporary files katika Settings unayo pia.

Ukurasa huo wa Temporary files hufanya karibu yote ambayo Disk Cleanup inafanya, kwa sura ya kisasa. Kwa diski C ni sawa kutumia wowote. Kwa diski nyingine, Disk Cleanup inashinda, kwa sababu hukuacha uchague diski unayotaka.

Hapa DISM ni kwa ajili ya folda ya WinSxS pekee, ambamo Windows hutunza vipande vyake, vya sasa na vya zamani. Folda hii huwatisha watu kwa sababu File Explorer huweza kuionyesha ina GB 10 au zaidi. Sehemu kubwa ya hizo ni faili zilezile zilizo kwenye folda ya Windows, zinazohesabiwa mara mbili kwa kuwa zina majina mawili kwenye diski. Ukubwa wa kweli unaupata kwa kufungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika:

`Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore`

Mwishoni kuna mstari wa Component Store Cleanup Recommended. Ukisema No, achana nayo. Ukisema Yes:

`Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup`

Kwenye SSD ni dakika chache. Kwenye diski ya kuzunguka huweza kuchukua nusu saa au zaidi, na asilimia husimama mahali pamoja kwa muda mrefu kana kwamba imekwama. Usiifunge. Windows yenyewe ina kazi iliyopangwa inayofanya usafi huu, ila huyaacha matoleo ya zamani kwa siku 30. Amri hii hufuta bila kusubiri. Kamwe usifute WinSxS kwa mkono, Windows inaweza isiwake tena.

Kuna pia ushauri unaozunguka sana wa kufuta yaliyomo kwenye `C:\Windows\SoftwareDistribution\Download`. Ni salama ukisimamisha huduma kwanza kwa `net stop wuauserv` na `net stop bits`, ukafuta, kisha ukaziwasha kwa `net start`. Lakini kama kulikuwa na sasisho limepakuliwa na bado halijawekwa, litapakuliwa upya lote. Kwa mwenye bando la kulipia hiyo ni hasara ya moja kwa moja. Tumia njia hii sasisho likiwa limekwama, si kwa kutafuta nafasi. Hali ni hiyohiyo kwa kashe ya Chrome: unaifuta leo, unapata MB mia kadhaa, kesho imejaa tena na umelipia data mara mbili.

Nakala kivuli: kupunguza, kufuta, au kuzima

Hapa ndipo penye malalamiko ya "nafasi ilirudi jana, leo imeisha tena". System Protection ikiwa imewashwa, Windows hutunza Restore Point, yaani hali ya awali unayoweza kuirudia, kwa kutumia nakala kivuli. Ukifuta video ya GB 8, nafasi huonekana imerudi. Lakini unapoanza kuandika faili mpya mahali pale, Windows kwanza hunakili data ya zamani kwenye stoo ya nakala kivuli, ili Restore Point ibaki kamili. Unaandika GB 8, diski inapoteza karibu 16. Hali huendelea hivyo mpaka stoo ifike kikomo chake.

Kuona ilivyo sasa, katika Command Prompt ya msimamizi:

`vssadmin list shadowstorage`

Angalia namba za Used na Maximum. Kama Used ni GB 20 kwenye diski ya GB 238, umempata mshikaji.

Njia tatu zipo. Kuzima System Protection kabisa hurudisha nafasi yote, na hukuacha bila pa kurudi dereva mbaya (programu inayoendesha kifaa) ikiingia. Sipendekezi. Kufuta zote isipokuwa ya mwisho, kupitia Disk Cleanup, kichupo cha More Options, hurudisha nafasi nyingi mara moja, ila stoo itajaa tena. Kupunguza kikomo ndiko kunakodumu:

`vssadmin resize shadowstorage /for=C: /on=C: /maxsize=5GB`

Nakala za zamani zisizoingia kwenye GB 5 hufutwa hapohapo, na mpya hazitazidi kiasi hicho. Asiyependa amri abonyeze Win+R, aandike `SystemPropertiesProtection`, Configure, kisha asogeze mstari wa Max Usage. Ukiwa hapo, zingatia kwamba Restore Point haichukui nafasi ya bakapu: imekusudiwa kuirudisha Windows, na diski ikifa inakufa nayo.

hiberfil.sys: kuiacha, kuipunguza, au kuiondoa

Faili hii, ambamo Windows huhifadhi yaliyo kwenye RAM kompyuta inapozimwa kwa Hibernate, iko kwenye mzizi wa C, imefichwa, na kwa kawaida ni asilimia 40 ya RAM. Kompyuta ya RAM GB 8 ina faili ya GB 3.2, ya GB 16 ina GB 6.4. Haifutiki kwa mkono.

`powercfg /h off` huiondoa yote. Unapoteza Hibernate pamoja na Fast Startup, kompyuta itachelewa kuwaka, sana kwenye diski ya kuzunguka, kidogo tu kwenye SSD. `powercfg /h /type reduced` huishusha hadi asilimia 20: Fast Startup inabaki, Hibernate inaondoka. Ikikataa, andika kwanza `powercfg /h /size 0`.

Uchaguzi unategemea umeme wako. Laputopu inayotumika mahali umeme unapokatika mara kwa mara iachiwe faili yake nzima, kwa sababu betri ikifika mwisho kompyuta huweza kuhifadhi kazi yote kwenye hiberfil.sys kabla ya kuzima. GB 3 ni bei ndogo kwa ripoti ambayo haijahifadhiwa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS hainufaiki na ulinzi huo, umeme ukikatika inazima papo hapo, hivyo iondolee. Na aliyeweka Linux pembeni ya Windows afikirie kuiondoa pia, maana Fast Startup huacha diski ya Windows katika hali inayoifanya Linux ikatae kuandika juu yake.

pagefile.sys iliyo jirani yake, ambayo Windows huitumia RAM isipotosha, iache. Ukiiondoa kwenye kompyuta ya RAM GB 4, programu zitaanza kujifunga zenyewe.

Programu za nje za kusafisha

Karibu kila kitu zinachofuta kinafutwa na zana zilizotangulia. Kusafisha rejista hakurudishi nafasi yoyote ya maana na huweza kuharibu programu. Isitoshe, programu ya namna hii hupewa ruhusa zote za msimamizi: mwaka 2017 CCleaner toleo la 5.33 lilisambazwa kwa karibu mwezi mzima likiwa na programu hasidi ndani, kutoka kwenye seva rasmi, na watu zaidi ya milioni mbili walikuwa wamelipakua.

Faili zisizojua kunywea: Outlook, VirtualBox na WSL

Faili za aina hii hukua unapoweka vitu na hubaki na ukubwa uleule unapovitoa. Outlook ni mfano wa kila ofisi. Unafuta barua pepe 10,000 zenye viambatisho, unamwaga Deleted Items, na faili ya .pst iko palepale. Nenda Account Settings, Data Files, chagua faili, Settings, kisha Compact Now. Kwa faili ya GB 20 anza jioni unapoondoka, na uwe na umeme wa uhakika.

VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe) na WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) zinafanana kwa tatizo lakini zinatofautiana kwa kazi. Kwa VirtualBox, lazima kwanza uijaze sifuri nafasi tupu ukiwa ndani ya mashine pepe, kwa `sdelete -z C:` kama ni Windows au `zerofree` kama ni Linux ya ext4. Kisha uzime mashine na utumie `VBoxManage modifymedium disk jina.vdi --compact`. Ukiruka hatua ya sifuri, amri itafanya kazi kwa dakika kadhaa na isirudishe chochote, kwa kuwa VirtualBox haiwezi kutofautisha data iliyofutwa na iliyo hai. Tahadhari: kwenye diski pepe inayokua, kujaza sifuri huikuza kwanza hadi ukubwa wake wa juu. Hakikisha diski halisi ina nafasi hiyo, la sivyo utaijaza kabisa.

WSL haihitaji sifuri. Andika `wsl --shutdown`, fungua `diskpart`, kisha moja baada ya nyingine: `select vdisk file="njia ya ext4.vhdx"`, `attach vdisk readonly`, `compact vdisk`, `detach vdisk`. Wenye Docker Desktop wafanye `docker system df` kwanza kuona nini kinakula, kisha `docker system prune`, halafu ndipo wakandamize faili ya .vhdx. Prune hufuta kontena zilizosimama na kashe ya ujenzi, lakini haigusi voliumu isipokuwa umeongeza `--volumes`. Usiiongeze kama hifadhidata yako imo humo.

Seva ya Linux: kuanzisha upya huduma au kuikata faili

Umefuta logi ya GB 30 kwa `rm`, `du` inakubali imeondoka, `df -h` inasema diski bado imejaa asilimia 100. Sababu ni kwamba Linux huondoa jina la faili kwanza. Data yenyewe huachiwa pale tu programu ya mwisho iliyoifungua inapoifunga. Andika `lsof +L1` kama msimamizi, utaona jina la programu, namba yake ya PID, namba ya FD na ukubwa.

Kuanzisha upya huduma ndiko kusafi zaidi. Kwa nginx hata hakuhitajiki: `systemctl reload nginx` huifanya ifungue logi upya bila kukata wateja. Ikiwa ni huduma isiyoweza kusimamishwa mchana, kata faili ikiwa bado wazi: `truncate -s 0 /proc/PID/fd/N`, ukiweka namba ulizoziona. Hii hurudisha nafasi papo hapo. Ila kama programu haiandiki kwa kuongeza mwishoni, itaendelea kuandika kuanzia pale ilipofikia, na `ls` itaonyesha faili kubwa ingawa diski haijatumika kiasi hicho. Mara ijayo tumia `truncate` badala ya `rm` tangu mwanzo, na uache logrotate, programu inayosimamia logi za zamani, ifanye kazi yake.

`lsof` isipoonyesha kitu, angalia `df -i`: mamilioni ya faili ndogo za vipindi vya PHP (session) huweza kumaliza inodi, yaani nafasi za kusajili faili, wakati nafasi ya data ipo. Na ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, yaani msimamizi. Kwenye diski ya data ya TB 1 hizo ni GB 50 zisizotumika; `tune2fs -m 1 /dev/sdb1` hurudisha 40 kati yake. Diski ya mfumo usiipunguze hivyo, akiba hiyo ndiyo inayokuwezesha kuingia na kutengeneza siku ikijaa.

Mac

Time Machine, mfumo wa bakapu wa Mac, hutunza snapshoti (picha za hali ya diski) kwenye diski ya ndani kwa hadi saa 24, na faili uliyoifuta hubaki imeshikiliwa humo. Mac huziondoa yenyewe nafasi ikihitajika, kwa hiyo mara nyingi kusubiri kesho ndiyo njia bora. Ukihitaji sasa hivi, `tmutil listlocalsnapshots /` huziorodhesha, na `tmutil deletelocalsnapshots` ikifuatwa na tarehe iliyoonyeshwa huzifuta. Hakikisha bakapu ya nje imekamilika kwanza.

Laputopu za GB 32

Kwenye hizi, yote yaliyotangulia huweza yasitoshe sasisho kubwa moja. Chaguo la kwanza ni `compact /compactos:always`, linalozibana faili za Windows na kurudisha GB 2 hivi kwa Windows ya biti 64, kwa gharama ya kasi kidogo. La pili ni kuizima hifadhi ambayo Windows huitenga kwa masasisho, takribani GB 7: `DISM /Online /Set-ReservedStorageState /State:Disabled`. Utaona nafasi leo lakini sasisho lijalo linaweza kukwama kwa kukosa nafasi, kwa hiyo ya kwanza ni bora. La tatu ni kukubali kwamba Windows 11 inataka GB 64 kwa uchache na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint inaingia kwenye GB 20, na kwa mashine ya aina hii inayotumika kwa intaneti na kuandika barua, ndiyo ningeichagua.